Kutoka Lushoto hadi Dar kufuata raga: safari ya timu yetu ya pete

Haya ni maelezo ya safari yetu ya mwisho wa Septemba 2025, mimi na wasichana wa timu ya pete ya kata yetu, kutoka Lushoto kwenda Dar es Salaam na kurudi. Nimeyapanga upya kutoka kwenye daftari la matumizi na picha za simu, kwa sababu wanaoniuliza tulifuata nini Dar ni wengi, na jibu lake ni refu.

Tulifuata raga. Fainali ya Kombe la Dunia la wanawake ilikuwa inachezwa Uingereza Jumamosi ya tarehe 27, na dada mmoja anayefundisha wasichana raga pale Coco Beach alikuwa amekubali kutupokea. Pesa tulizichanga tangu Julai: upatu wa kila wiki, maandazi ya kuuza siku ya gulio, na baba wa mchezaji mmoja aliyeuza viazi vyake akatuletea shilingi 50,000 bila kuombwa na mtu.

Mwenye kutuingiza kwenye jambo hili hajui kama tupo duniani. Anaitwa Portia Woodman-Wickliffe, ni wa New Zealand, na kabla ya kuwa winga anayeogopwa kuliko wote kwenye raga ya wanawake alikuwa mchezaji wa pete. Nilipowaambia wasichana habari hiyo, mazoezi yalisimama siku ile. Miaka yote nimeamini kwamba msichana aliyelelewa na pete tayari ana nusu ya raga mikononi na miguuni mwake. Kwa Portia nilipata ushahidi.

ALHAMISI, 25 SEPTEMBA: LUSHOTO HADI MBEZI

Basi liliondoka stendi ya Lushoto saa 12 kamili alfajiri, giza bado na ukungu umetanda. Nauli ilikuwa shilingi 18,000 kwa kila mtu, basi la kawaida. Barabara ya kushuka Mombo ni kilometa 33 za kona juu ya kona, mlima upande huu, korongo upande ule. GK wetu, yaani mlinda goli (wachezaji nawataja kwa herufi za nafasi zao za pete), msichana mrefu asiyetetereka mbele ya mfungaji yeyote, alizidiwa na kichefuchefu hata Soni hatujafika. Konda alimpa mfuko, akamtafutia ndimu kutoka kwa abiria wa nyuma, na kijana aliyekaa mbele karibu na dereva akainuka mwenyewe: "Dada, njoo ukae hapa, huku hakuyumbi sana." Alisimama mpaka Mombo.

Mombo tulikunywa chai ya rangi na chapati. Baada ya hapo ni barabara kuu, mashamba ya mkonge ya Korogwe, halafu Segera na machungwa yake yaliyopangwa mafungu mafungu kandokando ya lami.

Kwa atakayesafiri na timu: kateni tiketi mapema ili mkae pamoja, na nunueni machungwa Segera badala ya soda. Basi likisimama watu wakachimbe dawa, hesabuni wenzenu kabla dereva hajapiga honi, maana hasubiri.

Tulipopita Mkata tairi la nyuma likapasuka. Hakuna aliyeumia, lakini jeki haikushika vizuri kwenye vumbi na fundi wake alichukua muda mrefu. Mama mmoja wa nyumba ya jirani alituona tumesimama juani, akatandika mkeka chini ya mwembe wake na kumtuma mwanawe alete maji ya kunywa. Tukamsalimia, akaitikia marahaba moja baada ya nyingine kwa wasichana wote, hakumruka hata mmoja. Pale ndipo nilipowasimulia vizuri habari za Portia, kwa sababu njiani basi lilikuwa na redio kubwa.

Alizaliwa Kaikohe mwaka 1991, katika ukoo wa raga. Baba yake na ndugu mmoja wa baba yake, wote wawili wamewahi kuvaa jezi ya All Blacks, timu ya taifa ya wanaume. Yeye jina alianza kulijenga kwenye pete, akiichezea Northern Mystics ya Auckland katika ligi iliyounganisha New Zealand na Australia. Mwaka 2009 wakubwa wa Olimpiki walipitisha kwamba raga ya wachezaji saba ingeanza kuchezwa Rio 2016. Ghafla kila nchi ikahitaji timu ya wanawake ya kupigania medali. Mwaka 2012 chama cha raga cha New Zealand kilifungua mlango kwa wasichana wa michezo mingine, wakiwemo wa pete, waje kupimwa. Portia akaenda.

Fikirieni, niliwaambia, pete inakufundisha nini. Hairuhusu kukimbia na mpira. Inakupa sekunde tatu tu za kukaa nao mkononi. Kwa hiyo lazima umjue wa kumpa hata kabla hujaudaka. Unajifunza kuruka, kudaka hewani huku umebanwa, kutua kwa mguu mmoja na kugeuka bila kukanyaga hatua ya ziada. Sasa mchukue mchezaji huyo umwambie: kuanzia leo, ukishaudaka, kimbia.

Mama wa mkekani alikuwa akitusikiliza huku anachambua mchele. Akauliza, "Mwalimu, huo mchezo si wa kuumizana?"

Ni swali walilouliza mama zetu wote wa Lushoto, na linastahili jibu la kweli. Raga inaumiza wakati mwingine. Ndiyo maana kuna sheria ya kumkaba mtu chini ya mabega, na anayegonga kichwa anaadhibiwa vikali. Fainali ya 2022 iliyochezwa Auckland, Portia mwenyewe aligongwa kichwani. Mwingereza aliyemgonga alipewa kadi nyekundu dakika ya 18 na Portia hakurudi uwanjani. Wenzake walimaliza kazi kwa 34 dhidi ya 31, mbele ya watu zaidi ya 42,000. Mama alitikisa kichwa akasema, "Basi wafundishwe vizuri kuanguka." Kocha yeyote wa raga angesema hivyohivyo.

Wami tulivuka daraja jipya. Wazee kwenye basi walikuwa wakikumbushana lile jembamba la zamani, magari yakipita moja moja. Chalinze tulikula wali kuku wa shilingi 5,000, Mlandizi na Kibaha tukakutana na malori. Stendi ya Magufuli, Mbezi, tuliingia jua likielekea kuzama.

Kutoka Mbezi tulipanda mwendokasi, tukabadilisha Kimara, mpaka Morocco. Foleni ya kupanda ilikuwa ndefu na mabegi yetu ni makubwa, lakini kaka mmoja mwenye sare ya ulinzi alisimama mlangoni kwa mgongo wake mpaka wote tukaingia. Kila nguzo ya barabarani ilikuwa na bendera na picha za wagombea, kwa kuwa kampeni zilikuwa zimepamba moto. Kwa shangazi yangu Mwananyamala tulikuta wali wa nazi, vibua vya kukaanga na ndoo za maji zimejazwa tayari.

Kidokezo: mkiwa na mizigo, msipande mwendokasi saa za watu kutoka kazini kama mnaweza kusubiri. Kaeni stendi, kuleni, ondokeni saa 2 usiku.

IJUMAA, 26 SEPTEMBA: COCO BEACH

Kocha, yule dada wa raga, alitupangia saa 3 asubuhi kwa sababu maji yangekuwa yanakupwa, na mchanga uliotoka kuachwa na maji ni mgumu wa kutosha kukimbilia na laini wa kutosha kuangukia. Alikuja na wasichana wachache wanaofanya kazi za zamu za jioni, begi la mipira na mkeka mmoja wa povu. Wasichana wetu wengi wanavaa hijabu. Kocha hakusema neno, alitoa tu kofia za kubana za kuogelea akawagawia wavae juu ya mitandio ili isivutike. Alishafikiria jambo hilo kabla hatujafika, na kwa hilo tu nilimwamini.

Kwanza mpira wenyewe. Umbo lake la yai linasumbua mkono uliozoea duara. Alituonyesha: vidole vimetanuliwa, kiganja hakigusi, vidole gumba vinatazama juu, viwiko vimelegea. Nyonga zinatazama mbele huku mikono ikivuka kiwiliwili kwenda upande, na vidole vinabaki vimemnyooshea uliyempa hata mpira ukishaondoka. Pasi haiendi mbele kamwe. Hilo la kurudisha nyuma liliwachanganya dakika za mwanzo. WA wetu alikuwa akirusha mbele kila mara, mpaka Kocha akamwambia asimame nyuma ya aliye na mpira na apige kelele kuomba. Hapo mambo yakanyooka. Kelele za kuombea mpira ndizo lugha yetu ya kila siku uwanjani.

Kwenye kudaka hatukufundishwa. Kocha alipiga mpira juu kwa mguu, ukapaa, ukazunguka kwa upepo wa bahari, na GK wetu wa kichefuchefu akaruka katikati ya wasichana wawili wa Dar akautoa hewani kwa mikono miwili. Wale wenyeji walipiga makofi. Kocha alinigeukia akasema, "Huyu mnamficha wapi?"

Kukaba tulianza kwa magoti. Anayekaba amepiga magoti mkekani, anayekabwa anatembea polepole. Kichwa kinakwenda upande wa nyuma wa anayepita, hakikatizi mbele yake hata siku moja. Kidevu juu, macho wazi yanatazama mapaja. Bega linagusa kwanza, shavu linabana kwenye tako, mikono inazunguka miguu na kufunga, kisha uzito wako unamalizia. Msichana wetu wa GA alifumba macho kila alipokaribia kugusa. Kocha alimshika mabega taratibu: "Mdogo wangu, ukifumba macho kichwa chako hakijui kilipo. Nitazame goti langu mpaka mwisho." Akalitazama. Kocha akaanguka mchangani, na GA akainuka akiwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, hajaamini alichofanya. Nina picha ya dakika ile na naitazama mara kwa mara.

Baada ya mazoezi tulikula mihogo ya kukaanga na kachumbari, shilingi 2,000 sahani, na madafu. Mama aliyetuuzia alitutolea benchi lake na kuwaongezea mihogo walioangushwa zaidi. Kocha alitutajia waliofika mbali kutoka huku kwetu. Wapo wanawake wa Kenya, Lionesses, waliocheza Olimpiki za Rio na Tokyo. Yupo Babalwa Latsha wa Khayelitsha, Cape Town, anayecheza mstari wa mbele wa skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana kugombea mpira, ambaye mwaka 2020 alisaini Eibar ya Hispania akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kulipwa kucheza raga ya wachezaji 15. Na mwaka huo wa 2025 Afrika Kusini ilikuwa imefika robo fainali ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ikatolewa na New Zealand kwa 46 dhidi ya 17.

Kwa atakayekwenda Coco na timu: uliza saa za maji kupwa na kujaa kwa wavuvi au wauza mihogo, wanazijua vizuri. Vaeni soksi, mchanga mkavu unachoma kuanzia saa 5. Kutoka Morocco, bajaji mbili zilitutosha kwa kubanana.

Jioni barazani kwa shangazi tulinunua bando tukatazama vipande vya mechi za Portia. Wasichana walitaka ile ya 2017, New Zealand 121, Hong Kong 0, ambayo alifunga trai nane peke yake (trai ni kuugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa goli wa wapinzani). Niliwaonyesha, lakini kwangu mechi ile inasema zaidi juu ya tofauti ya timu zile mbili kuliko juu yake. Inayomsema yeye ni ya ufunguzi wa Kombe la 2022, uwanja wa Eden Park, Australia wanaongoza 17 kwa sifuri na wenyeji wamenyamaza. Alifunga trai tatu siku ile na New Zealand ikashinda 41 kwa 17. Katika mashindano hayohayo alifikisha trai 20 za Kombe la Dunia. Kwa wanaume, Jonah Lomu na Bryan Habana wana 15 kila mmoja.

C wetu, mchezaji wa kati, ambaye kifundo cha mguu kilimweka nje msimu mzima uliopita, aliuliza kama Portia amewahi kuumia. Ameumia sana. Olimpiki ya Rio 2016 alirudi na medali ya fedha baada ya kufungwa na Australia 24 kwa 17. Mwaka 2017 akatwaa Kombe la Dunia na tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Mwaka 2018 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola na Kombe la Dunia la wachezaji saba. Halafu yakaja majeraha, kano ya kisigino na msuli wa paja, na muda mrefu wa kukaa pembeni akitazama wenzake. Alirudi. Tokyo akapata dhahabu, New Zealand 26, Ufaransa 12. Paris 2024 akapata nyingine, 19 kwa 12 dhidi ya Canada, akaaga timu ya taifa. Mwaka 2025 akarudi tena kwa ajili ya Kombe la Dunia, akiwa na miaka 34. C hakusema kitu. Baadaye nilimkuta uani anafanya yale mazoezi ya kifundo aliyopewa hospitali, ambayo nyumbani nilikuwa namkumbusha kila siku.

JUMAMOSI, 27 SEPTEMBA: BANDA UMIZA

Asubuhi tulirudi Coco, safari hii kundi zima la Dar lilikuwepo, tukacheza raga ya kugusana bila kuangushana mpaka jua likatufukuza.

Mchana ndio uliokuwa na kazi. Siku moja kabla shangazi alikuwa amezungumza na mzee mwenye banda umiza mtaani kwake, mwenye king'amuzi na televisheni mbili, naye akakubali kutuonyesha raga. Mechi ya mshindi wa tatu, New Zealand na Ufaransa, ilianza saa 8 na nusu mchana kwa saa zetu. Muda uleule Manchester United walikuwa ugenini kwa Brentford. Tulipofika banda limejaa mpaka nje, televisheni zote mbili ni mpira wa miguu.

"Mjomba, shikamoo. Tumekuja kwa ile raga."

"Marahaba mwalimu. Naomba mnisamehe. Hawa ndio wanaolipa kodi ya banda. Njooni saa 12, fainali yenu nitawawekea, nawaahidi."

Sikuwa na la kumlaumu, watu wake walikuwa wamekwishalipa. Lakini ile ndiyo mechi ya Portia, ndiyo tuliyoipandia basi alfajiri. Bando letu tulikuwa tumelimaliza usiku. Kijana mmoja muuza vocha pale nje, alipotuona tumekaa kwenye tofali hatuna pa kwenda, alituwashia intaneti ya simu yake tuunganishe yetu. Picha za moja kwa moja hazikukubali, ikawa tunafuata namba tu zikibadilika. GS wetu alishika simu akisoma kwa sauti kila zinapobadilika, na wengine wakishangilia mbele ya muuza vocha ambaye tayari naye ameanza kuuliza, "Sasa ngapi?" Iliisha New Zealand 42, Ufaransa 26. Kijana alikataa kulipwa, tukamnunulia soda. Ndani ya banda watu wa United walikuwa wanatoka kimya, wamefungwa 3 kwa 1.

Saa 12 jioni mzee alitimiza ahadi. Televisheni ndogo, pembeni, sauti imezimwa kwa sababu kubwa ilikuwa na mechi za saa 11, lakini ilikuwa fainali: Uingereza na Canada, uwanja wa Twickenham, watu 81,885. Haijawahi kutokea mechi ya raga ya wanawake kuhudhuriwa na watu wengi hivyo. Wasichana walipoona majukwaa yale yamejaa mpaka juu kabisa walikaa wima.

Canada walitangulia, Asia Hogan-Rochester akafunga pembeni dakika za mwanzo. Halafu Ellie Kildunne wa Uingereza akaupata mpira mbali na mstari, akachepuka kulia, akachepuka kushoto, mabeki wakabaki wameshika hewa. Banda zima tulipiga kelele, na wanaume wa upande wa pili wakageuka kututazama. "Kachepuka kipete!" GA alisema, na ni kweli, ule ulikuwa mguu wa pete mtupu.

Kufika mapumziko Uingereza walikuwa wanaongoza 21 kwa 8. Upande wa pili Liverpool walikuwa wamefungwa na Crystal Palace dakika za majeruhi, Chelsea wamelala 3 kwa 1 kwa Brighton, na watu hawakutaka kwenda nyumbani na machungu yale. Mmoja mmoja wakasogeza mabenchi kwetu. Mzee akahamishia raga kwenye televisheni kubwa na kufungua sauti. Kaka mmoja mwenye jezi ya Liverpool akawauliza wasichana kwa nini wachezaji wanarudisha mpira nyuma wakati goli liko mbele. GK alimweleza: mpira kwa mkono unarudi nyuma, anayekwenda mbele ni wewe mwenyewe ukiwa nao, au uupige kwa mguu. Trai ni pointi tano, mpira wa kupiga baada yake mbili, adhabu tatu. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kumweleza mimi. Kufikia dakika ya 60 yule kaka alikuwa anamfafanulia mwenzake.

Mimi nilikuwa upande wa Canada na nasema kwa nini. Chama chao hakikuwa na bajeti ya kuwaandaa kwa kiwango cha Uingereza, ambao wanalipa wachezaji wao mishahara ya kudumu tangu 2019. Kwa hiyo walianzisha mchango wa hadhara, lengo likiwa dola milioni moja za Canada, wakaja Uingereza, wakaitoa New Zealand nusu fainali kwa 34 dhidi ya 19. Sisi tuliouza maandazi tungewezaje kushangilia wengine? Hogan-Rochester alifunga tena mwanzoni mwa kipindi cha pili na nilisimama. Lakini wale wachezaji wa mbele wa Uingereza walikuwa wazito na hawachoki. Waliubana mpira, wakasukuma, wakachukua eneo hatua kwa hatua, Abbie Ward akafunga, Alex Matthews akafunga trai yake ya pili. Mwisho 33 kwa 13.

Mzee alikataa kiingilio chetu. Alisema mchana hakutendea haki wageni wa Lushoto. Tulimwachia shilingi 5,000 kwa nguvu, kama mchango wa umeme.

Kidokezo kwa wanaotaka kutazama michezo ya wanawake kwenye banda: pelekeni ratiba yenu siku kadhaa kabla, mlingane na ratiba ya Ligi Kuu ya Uingereza, na mjitolee kulipia viti vyote vya televisheni moja. Mwenye banda ana hesabu zake.

JUMAPILI NA JUMATATU, 28 NA 29 SEPTEMBA: FERI, KIGAMBONI, KARIAKOO

Jumapili tulipumzisha miguu. Tulivuka Kigamboni kwa pantoni, shilingi 200, kwa sababu baadhi yao walikuwa hawajawahi kupanda chombo cha majini, tukarudi tukanunua samaki Feri kwa ajili ya shangazi.

Jumatatu tulizunguka Kariakoo kutafuta mpira wa raga. Mipira ya miguu ipo ya kila bei, ya pete ipo, ya kikapu ipo. Wa raga hakuna aliyekuwa nao dukani. Muuzaji mmoja mtaa wa Msimbazi aliwapigia simu wenzake, kisha akafunga droo yake akatutembeza mwenyewe kwenye maduka ya vichochoroni ambayo tusingeyaona. Tulitoka na kinga za meno, shilingi 5,000 kila moja, na koni za mazoezi. Jioni Kocha alisikia habari hiyo, akatuletea mpira wake wa zamani, ngozi imeanza kulainika lakini unashika upepo.

JUMANNE, 30 SEPTEMBA: KURUDI

Basi la asubuhi, hakuna pancha, Lushoto saa 9 alasiri. GK alikaa mbele tangu Mombo na ndimu yake mkononi.

Jumla ya gharama kwa mtu mmoja, nauli zote, chakula, usafiri wa mjini, vifaa na mchango wa nyumbani kwa shangazi, haikufika shilingi 90,000. Bila shangazi, wekeni gesti juu ya hesabu hiyo.

Tangu turudi tunafanya pete Jumatatu na Jumatano, raga Ijumaa. Bado ni ya kugusana tu. Kukaba tunajifunza kwa magoti juu ya nyasi za uwanja wa shule, na hatutasimama mpaka kila mmoja afungue macho. Kocha ameahidi kupanda huku kabla ya mwaka kuisha, tumeshamtafutia pa kulala. Wazazi tumewaalika Jumamosi ijayo waje waone wenyewe.

Mpira tunao ule mmoja. Mwenye mpira wa raga saizi 5 usiotumika, hata uliochakaa, aukabidhi kwa basi lolote la Lushoto pale stendi ya Magufuli, aandike juu yake "timu ya pete". Ada ya kifurushi tutalipa sisi tukiupokea.